Bastola niliiandika "mwavuli"

Ndugu Mhariri,

Kwa miaka 17 nilikaa langoni mwa ofisi moja ya serikali hapa Tanga mjini, na miaka yote hiyo kuna jambo nililimeza kwa sababu ya ada za wanangu. Sasa nimestaafu, kitinda mimba wangu kamaliza chuo, na kinywa changu hakidaiwi na mtu. Naomba nafasi katika gazeti lako nilitoe.

Ofisi siitaji. Jina langu nimekuandikia nyuma ya bahasha, nakuomba usilichape. Wanaonifahamu watanitambua tu: mlinzi mwanamke, mnene, kiti cha plastiki cha buluu chini ya mkungu.

Pale langoni palikuwa na kibao cheupe chenye maandishi mekundu: HAIRUHUSIWI KUINGIA NA SILAHA. Sina ugomvi nacho. Ofisi ya umma ina watu wenye hasira, ina watoto, ina foleni ndefu na majibu mafupi. Silaha ya nini ndani? Ila aliyekiandika alisahau kusema hiyo silaha iende wapi. Mtumishi anafika asubuhi na silaha yake halali, leseni mfukoni, anakisoma kibao, halafu ananitazama mimi. Na mimi naitazama droo.

Meza yangu ilikuwa ya plaiwudi, droo tatu. Ya juu ilikaa kitabu cha wageni na kalamu iliyofungwa uzi. Ya kati ilikuwa ya chai yangu: sukari, tangawizi, kikombe. Ya chini ndiyo lilikuwa ghala la silaha. Kitasa chake kilifunguka kwa ufunguo wa kabati la vyombo la kwangu Makorora. Nilijaribu siku moja kwa udadisi tu, kikafunguka kama kinanijua.

Humo, Mhariri, nimehifadhi vitu ambavyo nikivikumbuka usiku nageuka upande wa pili. Rungu la mpingo la dereva. Sime. Bisibisi iliyonolewa ncha. Na bastola, au mguu wa kuku kama vijana wanavyoiita. Si moja, ni tatu za watu watatu tofauti katika miaka yangu.

Nianze na yule aliyenifanya niandike barua hii. Alikuwa afisa wa mambo ya uvuvi. Msomaji wa bara huenda asielewe kwa nini mtu wa samaki atembee na bastola, lakini sisi wa pwani hii tunaelewa. Kuanzia Moa kule Mkinga mpaka Pangani, wapiga baruti wametusumbua miaka na miaka. Ukiwa Raskazone asubuhi ulikuwa unasikia mlio, puu, na maji yanainuka. Samaki wanaelea matumbo juu, matumbawe chini yamekuwa kokoto. Hata baada ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale, kuanzishwa mwaka 2009 mlio ule haukunyamaza siku hiyo hiyo. Sasa mtu ambaye mchana amekamata mtumbwi na kuandika majina, jioni anarudi nyumbani kwa njia ile ile wanayopita kaka zao wale aliowaandika. Alishatumiwa salamu. Alishakuta kichwa cha papa mlangoni kwake. Akaomba silaha polisi, akapitishwa kwenye ngazi zote kuanzia serikali ya mtaa, akapewa leseni.

Alikuwa mwadilifu. Kila asubuhi, kabla ya kunikabidhi, aligeukia ukutani, akachomoa magazini, akavuta bastola nyuma mara mbili nione chemba ni tupu, akaitia kwenye bahasha ya kaki. "Shikamoo mama, mzigo huu." "Marahaba mwanangu, weka mwenyewe." Sikuishika hata siku moja. Wengine hawakuwa hivyo. Mhasibu mmoja, anakaa mahali pazuri, gari lake linamshusha mlangoni na kumpandisha mlangoni, aliniachia yake imejaa risasi akaniambia, "Usiiguse tu, mama." Yule mpaka leo sijui adui yake alikuwa nani, labda mkewe.

Siku ya kwanza niliyopokea bahasha ile nilifungua kitabu, nikaenda kwenye safu ya "mali iliyoachwa", nikaandika kwa mwandiko mzuri: bastola 1. Mkuu wangu wa lindo alipopita jioni kuangalia kitabu alishika kichwa. "Mama, unataka kutuua? Mkaguzi akikuta neno hili atauliza ghala letu la silaha liko wapi na kibali chake kiko wapi. Andika mwavuli."

Nikaandika mwavuli. Niliandika mwavuli mwaka mzima, na uliofuata, na uliofuata. Mtu akivifungua vitabu vile leo atadhani ofisi yetu ilikuwa ikiogopa maji kuliko paka. Kuna wiki ya Februari, kaskazi imeshika, lami inanata kwenye kandambili, na mimi kwa mkono wangu nimeandika miavuli minne kwa siku tatu.

Kijana mmoja wa polisi, jirani yangu, tulikuwa tukizungumza barazani nikamsimulia kwa kucheka. Hakucheka. Akaniuliza, "Mama, na wewe leseni yako iko wapi?" Nikamwambia mimi sina silaha, ninatunziwa droo. Akasema leseni ina jina la mtu mmoja. Mwenyewe akishaiacha silaha mikononi mwako akapanda ghorofani, hicho kilicho chini ya goti lako kinaitwa nini? Tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, nayo haina safu ya miavuli. Usiku ule chakula hakikupita.

Mwaka uliofuata, 2016, ukaja uhakiki wa silaha nchi nzima. Wenye leseni wakaitwa kupeleka silaha zao polisi zitazamwe na kuandikwa. Afisa wangu akachukua bahasha yake asubuhi, akaenda, akapanga foleni, akarudi mchana na karatasi yake, amefurahi. Silaha ikarudi ndani ya droo ya plaiwudi. Bastola ilihakikiwa, droo hakuna aliyeiuliza.

Sasa nisimulie usiku wa mwaka 2018.

Ilikuwa Alhamisi, mkesha wa arusi ya binti wa dada yangu, Ngamiani, Barabara ya 15. Sufuria la pilau la watu mia mbili lilikuwa langu. Mwenzangu tuliyekuwa tunashika lindo pamoja alipata habari ya msiba Muheza mchana, akaondoka mbio, na kwa mbio zile akaondoka na ufunguo wa droo ya chini mfukoni. Simu yake imezimwa. Saa kumi na moja jioni afisa wa uvuvi anashuka ngazi, ameitwa Pangani, kuna mashua imeonekana. Tunavuta droo, haifunguki. Nikakumbuka ufunguo wa kabati langu la vyombo, lakini, Mhariri, nisingeweza kumwambia mtumishi wa serikali kwamba silaha yake ya miaka yote ilikuwa inafunguliwa na ufunguo wa sahani zangu. Na aibu ile ingekuwa nafuu. Kuvunja droo pia kungekuwa nafuu. Nikanyamaza. Akatazama saa, akasema, "Basi mama, Mungu yupo," akaenda Pangani mikono mitupu.

Ukabaki mguu wa kuku, nikabaki mimi. Zamu yangu ilikwisha saa kumi na mbili. Wa zamu ya usiku akaja, ni mtu mwema, lakini alikuwa ameshapitia mnazi, maneno yake yanagongana. Nikajiuliza: niende Ngamiani nikageuze pilau, nimwachie huyu droo ya plaiwudi? Nikatuma mtoto wa mama ntilie aseme kwetu nina homa. Nikageuza kiti cha buluu, mgongo nikauegemeza kwenye droo, nikakaa hivyo mpaka alfajiri. Kila mbwa akibweka nasema wamekuja. Saa nane usiku wa zamu akaniuliza, "Kwani mama unalinda nini?" Nikamjibu, "Mwavuli."

Afisa alirudi salama, alhamdulillahi. Pilau liliungua, na kwa dada yangu mpaka leo nasemwa. Posho ya usiku ule sikulipwa kwa sababu hakuna mahali ningeweza kuandika nilikuwa ninafanya nini.

Hayo ni ya bastola. Lakini nikisema silaha za kujihami za watumishi, wenye maamuzi wanafikiria bastola peke yake kwa sababu wao ndio wanaozimiliki. Mimi ndiye niliyekagua mikoba ya wanawake. Mhudumu wa usafi anayetoka nyumbani saa kumi alfajiri afike kabla ya wakubwa; karani wa hesabu za kufunga mwaka anayetoka saa nne usiku; muuguzi aliyepangwa zamu ya usiku anayepita ofisini kwetu kufuatilia karatasi. Mikobani mwao nilikuta visu vidogo. Ukiuliza, jibu ni moja: "Cha kumenyea machungwa, mama." Ungedhani wote wametoka Muheza kwenye machungwa. Nilikuta pilipili ya unga imefungwa kwenye karatasi ya gazeti, pengine gazeti lako hilihili. Nilikuta wembe umezungushiwa uzi.

Amri niliyopewa ni kunyang'anya na kutorudisha. Sikuitii. Niliviweka kwenye droo ya kati, ndani ya kopo la maziwa, na jioni nikamrudishia kila mmoja chake. Siku moja pakiti ya pilipili ikapasuka. Mkuu wa lindo akafungua droo akitafuta sukari, tukapiga chafya lango zima, wageni na wenyeji, nusu saa. Mwenzangu mmoja, yeye alitii amri. Akamnyang'anya binti wa usafi kisu chake, akakitupa. Wiki ile ile binti alivutwa mkoba alfajiri akija kazini, akafika na kandambili mguu mmoja. Sisemi kisu kingemsaidia. Huenda kingemletea kubwa zaidi. Nasema ofisi ilichukua kile alichokuwa nacho na haikumpa kitu badala yake, hata taa ya barabarani, hata gari la kumfuata.

Nina mpwa wangu Marekani, anafanya usafi usiku katika jengo la serikali ya shirikisho. Nilimwuliza kwenye simu wao hufanyaje, maana tunasikia kule kila mtu ana bunduki. Akanambia mlangoni kuna tangazo kama letu, nalo lina kifungu cha sheria kabisa, namba 930, na mtumishi wa kawaida akikutwa na bunduki ndani anaweza kufungwa mwaka mmoja. Kwa hiyo wengi huziacha kwenye magari, na magari yanavunjwa, bunduki zinaibwa. Ofisi za posta za kule zimekataza hata maegesho yao. Mtu wa Colorado alishtaki, akashinda mara ya kwanza, kisha mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Denver ikamgeuzia. Lakini akanambia jambo jingine lililonifungua macho: kwenye magereza na mahakama nyingi za kule, mlangoni kuna visanduku vya chuma vimepachikwa ukutani, vidogo kama vya barua. Askari akifika anaweka bastola yake kwenye kisanduku, anafunga, ufunguo anaondoka nao. Hakuna mama aliyekaa na droo.

Habari ya gari kwetu haituhusu. Tanga ni mji wa baiskeli. Yule afisa wa uvuvi alikuja na Phoenix, nyuma kafunga kapu. Aiache bastola kwenye kapu?

Babu yangu, aliyekuwa kijana mdogo wakati ule, alikuwa akitusimulia Vita vya Tanga vya Novemba 1914, ambavyo watu wanavikumbuka kwa sababu ya nyuki waliowavamia askari. Waingereza walishuka Raskazone na jeshi kutoka India, wakapigwa, wakakimbilia melini. Sisi watoto tulitaka sehemu ya nyuki. Yeye alipenda sehemu ya baadaye: silaha zilizoachwa ufukweni. Von Lettow-Vorbeck mwenyewe, kamanda wa Wajerumani, aliandika kwamba aliokota bunduki za kisasa za kutosha kombania tatu, bombomu, yaani bunduki za rashasha, 16 na risasi 600,000, na kwa hizo akaendelea kupigana. Babu alikuwa akimaliza kwa kusema, "Mzungu mmoja kaacha, Mzungu mwingine kaokota, aliyepigwa nazo ni sisi." Nilikuwa nikimkumbuka kila nilipovuta ile droo.

Ninachoomba si kikubwa. Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea, Ngamiani, nikamchorea kwenye mchanga. Sanduku la bati nene, vyumba sita, kila chumba na kufuli lake, limefungwa ukutani kwa nati zinazokazwa kutoka ndani. Likae chumba cha nyuma, si langoni, mgeni asilione. Mwenye silaha aitoe risasi mwenyewe, mdomo wa bastola ukielekezwa kwenye ndoo ya mchanga, si kwenye tumbo langu. Risasi ziende chumba kimoja, silaha chumba kingine. Afunge, ufunguo aondoke nao. Ufunguo wa akiba uwe polisi ndani ya bahasha yenye lakiri, usiwe Muheza msibani. Fundi alinitajia shilingi 380,000 pamoja na makufuli. Ofisi yetu mwaka ule ilinunua mapazia.

Na kitabu. Kitabu cha peke yake chenye namba ya leseni, namba ya silaha, saa ya kuweka, saa ya kutoa, sahihi mbili. Ofisi ikipeleke polisi, wakijue, wakikague, na wao waseme kwa maandishi kama sanduku lile linafaa au halifai. Wakisema halifai, basi litolewe agizo kwamba silaha ziachwe kituoni, na mtumishi apewe nusu saa yake ya asubuhi ya kupita huko bila kuandikwa mchelewaji. Lolote kati ya hayo mawili nalikubali. Nisilolikubali ni kumbebesha mlinzi asiye na leseni, asiye na mafunzo, anayelipwa kidogo kuliko wote wanaoingia lango lile.

Najua kuna watakaosema: waziache nyumbani, yakaisha. Kwa watu wengi nakubaliana nao kabisa. Yule mhasibu aiache nyumbani, tena ndani ya kasiki, asiichezee. Lakini kwa watu wawili watatu wanaotoka ofisini moja kwa moja kwenda mialoni, au wanaorudi jioni na fedha za ushuru, nyumbani ni mbali na hatari iko katikati. Na kuna mkubwa mmoja aliwahi kuniambia nikiweka sanduku nitakuwa nimewaalika watu waje na silaha. Nilimjibu kwa heshima, "Mheshimiwa, choo kipo hapo nyuma, na hakuna anayekuja kwa sababu yake." Hakunisemesha mwezi mzima.

Kwa akina dada wale wa visu na pilipili sanduku la chuma halihitajiki. Kopo langu la maziwa lilitosha, ili mradi kuwe na amri ya kurudisha badala ya kunyang'anya. Na anayeingia saa kumi alfajiri, gari la ofisi limfuate. Lipo, nalijua; Jumamosi huwa linakwenda sokoni.

Jumanne iliyopita nilipita pale kufuata karatasi yangu ya pensheni. Mkungu upo, kiti changu kimevunjika mguu mmoja, kimeegemezwa ukutani. Langoni kuna kijana mpya, mpole, kanipa shikamoo na kunipisha nikae. Nikaiangalia meza. Ni ile ile. Kitasa cha droo ya chini kimekufa. Wameifunga kwa kamba ya katani, fundo la mkulima. Kijana akanisogezea kitabu nisaini. Juu ya jina langu, saa 1:40 asubuhi, kwa mwandiko mzuri kama wangu wa siku ya kwanza, palikuwa pameandikwa: mwavuli 1.

Saa nne ilikuwa haijafika na jua lilikuwa linachoma mpaka chini ya mkungu.

Wako,
Mlinzi mstaafu,
Makorora, Tanga